Mlango wa Moto wa Gatwekera

Mwaka ule wa mahindi ya manjano ya msaada, serikali ilitoa pesa ili sisi wa Gatwekera, mtaa wa Kibera, tusife motoni. Mwaka uliotangulia jiko la mafuta ya taa lilikuwa limelipuka Lindi, mtaa jirani humuhumu Kibera, moto ukala nyumba safu kwa safu, na walioungua hawakuungua kwa kukosa maji. Waliungua kwa kukosa pa kupitia. Ploti zetu zilijengwa hivyo: vyumba vinatazamana, katikati kijia, mlango mmoja mbele, ukuta nyuma. Wakubwa walikuja na viatu vya mpira vipya, wakaziba pua kwa vitambaa, na walipomaliza kuziba pua wakakubaliana kwamba kila mtaa uunde kamati, na kila kamati ipewe fungu la kufungua njia za kutorokea.

Mimi ni Musimbi, nauza mitumba Soko la Toi, na si mtu wa kulialia. Siku habari hiyo ilipotufikia nililia. Mume wangu, Khamala, alikuwa kibarua wa mjengo mpaka alipoteleza kwenye mbao za ghorofa fulani huko mjini, na tangu siku hiyo kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari. Ni mtu mkubwa, mwili wa kubeba saruji, na chumba chetu kilikuwa cha mwisho kabisa, kimegusa ukuta wa nyuma. Mimi mchana kutwa niko sokoni, yeye yuko kitandani akishona ndala za watu. Nikiwa Toi nikaona moshi wowote upande wa Kibera, hata wa mtu anayechoma takataka, niliwaacha wateja nikasimama kuutazama mpaka uishe. Nilitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: mtu huyu awe na njia ya kutolewa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Thuo, mwenye ploti yetu. Thuo ni mwenyeji wa Kawangware. Shamba aliloachiwa na babake amelijaza maduka na vyumba vya kupanga, na Gatwekera alikuja kuvuna tu. Mzee wa kanisa, mnene, mwenye sauti ya upole, na sauti hiyo ya upole ndiyo iliyokuja kunichefua kuliko kitu chochote. Katibu alikuwa Shiundu, aliyemsimamia ploti, Mluhya mwenzetu, mtu tuliyekesha naye kwenye matanga ya watu wetu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hawakumjua hata Shiundu.

Mpango wao ulikuwa mzuri. Nasema hivyo wazi, kwa sababu watu hudhani pesa za umma huliwa kwa mipango mibaya. Mpango mbaya hauli mtu, kila mmoja anaukataa. Wao walisema ukuta wa nyuma utobolewe, uwekwe mlango wa chuma usiofungwa kwa kufuli mchana wala usiku, na kutoka hapo ifunguliwe njia pana mpaka kwenye reli, pana kiasi cha watu kupita wakiwa wamebeba mgonjwa. Thuo alipotamka neno mgonjwa alinitazama mimi, akatikisa kichwa kwa huruma. Wanawake wenzangu walinipiga mabega. Nilimwombea Mungu Thuo siku hiyo. Naomba Mungu anirudishie maombi yale.

Shida ilikuwa kwamba nyuma ya ukuta palikuwa na majiko yetu ya pamoja na bafu. Nani abomoe? Shiundu alisema fungu halina kipengele cha vibarua.

"Wananchi watajitolea," alisema. "Hii ni harambee, ama namna gani?"

Tukajitolea. Tulibomoa majiko yetu wenyewe, tukawa tunapikia milangoni. Tulibomoa bafu, tukawa tunaoga alfajiri nyuma ya mapazia ya magunia. Tena hatukuishia kubomoa. Ukimpa mwanamke wa kwetu, Magharibi mwa Kenya, udongo mtupu, atautengeneza sakafu, ndivyo tulivyolelewa. Tuliteka maramu, ule udongo mwekundu wa kokoto, kando ya reli, tukaimwaga, tukainyunyizia maji, tukaipiga kwa vipande vya mbao tukiwa tumeinama mstari mmoja, tukiimba, halafu tukaipaka kinyesi cha ng'ombe mpaka ikawa laini ya kulalia mtoto. Khamala alikuwa amefunguliwa dirisha, anatusimamia kutoka kitandani.

"Hapo kuna shimo, Musimbi! Pigeni hapo tena! Mnataka mnirushe kama gunia la viazi?"

Wagaki, mama wa makaa pale kona, alipita akasimama, akatutazama kwa muda na mikono yake kiunoni.

"Mama Kageha," aliniita kwa jina la binti yangu aliyeko kwa bibi yake kijijini, "hii floo yote mnatengenezea nani?"

"Moto," nikamjibu, na tukacheka wote. Yeye hakucheka. Wagaki amezaliwa Kawangware, anawajua watu wa ploti kuliko sisi. Sisi tulitoka kwetu ambako ua uliofagiwa ni ua uliofagiwa, mgeni anaupita kando asiuchafue. Hatukuwa tumejua kwamba Kibera, ukishasafisha kiwanja na kukipiga sakafu, umemjengea mtu nusu ya nyumba.

Mlango ulikuja kwa pikapu, mwekundu, umeandikwa kwa rangi nyeupe MLANGO WA MOTO. Siku ya kuufungua palikuwa na utepe, mbuzi, na mpiga picha. Mpango ulisema kutakuwa na machela. Machela haikuja, wala hakuna aliyeiuliza, maana mbuzi alikuwa ananukia. Vijana walimlaza Khamala juu ya ubao wa Shivachi seremala, jirani yetu, wakampitisha mlangoni na kumpeleka mpaka kwenye reli huku watu wakipiga makofi. Wakamsimamisha hapo, yaani wakamshusha, mpiga picha apate picha yake. Treni ya mizigo ikapita. Khamala hakuwa ameiona reli tangu aanguke. Waliporudi naye hakufanya mzaha wowote, na mtu yule ni wa mzaha. Aliniambia tu, "Ni karibu. Nilidhani ni mbali, kumbe ni karibu hivi."

Nilifanya kazi Toi wiki ile moyo ukiwa mweupe. Moshi ulipanda, nikautazama, nikaendelea kukunja masweta.

Halafu ikaja Ijumaa. Anayejua Kibera anajua Ijumaa ni siku gani. Ofisi zikishafungwa jioni, nyumba huanza kuota, na Jumatatu afisa akija anakuta moshi unatoka na nepi zimeanikwa, na nani atabomoa nyumba yenye mtu ndani? Nilirudi kutoka sokoni nikakuta miti imesimikwa kwenye njia yetu, mabati yameegemezwa, mafundi wanakandika udongo kwa haraka ya kula. Chumba kimoja, upana wote wa njia, kimebanwa kwenye ukuta wetu. Na kwa ubahili wa mtu yule, hawakukijengea hata mlango. Mlango wake ulikuwa ule wetu. Ufungue mlango wa moto, umeingia chumbani. Na ndani ya chumba, kuta tatu za udongo zisizo na pa kutokea.

Nilimkuta Shiundu amesimama na filimbi shingoni, filimbi iliyonunuliwa kwa fungu la moto.

"Shiundu, hii ni nini?"

"Ni ripea tu, Mama Kageha. Kibali tunayo."

"Ripea ya nini? Mnakarabati nini? Hapa kulikuwa na nyumba gani?"

"Si kulikuwa na jiko? Tunaripea jiko."

"Jiko tulibomoa sisi wenyewe! Kwa mikono yetu!"

"Ndio maana inataka ripea," alisema, na akatazama pembeni. Angalau alitazama pembeni.

Thuo hakutazama pembeni. Alikuwa ndani ya kile chumba, anakanyaga sakafu yetu kwa kisigino, hapa na pale, kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

"Mama," aliniuliza kwa ile sauti ya upole, "hii floo nani alitengeneza? Kazi safi sana. Haitaki hata simiti."

 Nilimwambia kwamba mume wangu yuko upande wa pili wa ukuta ule, kwamba ile ilikuwa njia yake.

"Njia iko, mama. Mlango si ule? Moto ikikuja, hii ukuta ni matope tu, mtu anapiga teke, anapita."

"Na huyo atakayelala humu?"

"Atatoka. Kwani atakaa kwa moto?"

Nilikwenda kwenye ile ofisi ya mjini iliyotoa pesa. Karani alinisikiliza vizuri, akaniambia malalamiko hupitia kwa kamati. Kamati ni Thuo na Shiundu. Nikarudi nyumbani kwa miguu.

Jumatatu akahamia mwanamke mmoja, Ndunge, mwenye mtoto mgongoni, mfua nguo wa nyumba za matajiri wa Kilimani. Sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu. Hakujua lolote, aliupenda ule mlango wa chuma kwa sababu wezi hawauvunji, na sakafu aliisifu kila siku. Kila asubuhi alitoka kwenda kazini akaupiga MLANGO WA MOTO kufuli kubwa la shaba, na mimi nikapita kando yake kwenda Toi nikiwa nimeuma meno.

Moto ulikuja mchana, msimu wa kiangazi, siku ya upepo. Ulianzia vyumba vya mbele, kwa mtu aliyekuwa akikaanga samaki. Nilikuwa sokoni. Niliuona moshi, na safari hii ulikuwa mweusi, mzito, wa mabati na magodoro, nikaacha nguo zangu zote chini kwenye turubai nikakimbia. Sijui nani alizichukua. Avae salama.

Mbele hapakuwa na pa kuingilia. Nilizunguka kwa reli, nikafika nyuma ya chumba cha Ndunge, na ndani yake nikasikia watu. Sauti nyingi, zimefungiwa pamoja, na kati yake sauti ya Khamala akisema, "Watoto kwanza, watoto kwanza." Shivachi alikuwa amevunja kufuli kwa nyundo, watu wakamiminika mle, na walipofika ukutani wakakuta si mambo ya teke. Thuo alikuwa amesema ukweli kwamba ni matope, lakini matope yaliyokandikwa kwenye miti na kukauka mwezi mzima wa jua ni ukuta, na ukuta ni ukuta. Nilianza kuchimba kwa kucha upande wangu kama mbwa. Wagaki akaja na sepeto lake la makaa. Wao ndani walikishika kitanda cha chuma cha Ndunge wakawa wanaupiga nacho ukuta. Godoro lake, vyombo vyake, nguo za mtoto wake, vyote chini ya miguu ya watu.

Ukuta ulitoboka chini. Watoto wakatoka kwanza, wakikohoa, kisha akina mama. Khamala alitoka mwisho kwa sababu ni mzito na shimo lilikuwa dogo. Shivachi alimburuta kwa blanketi, mimi nikamvuta mabega. Tulipofika relini nilikuwa nacheka na kulia. Alikuwa hai. Alikuwa ananitazama, hai.

Kisha Khamala akavuta hewa puani, akauliza, "Nini kinanuka hivyo?"

Ilikuwa miguu yake. Wakati wanapiga ukuta, yeye alikuwa amelazwa karibu na ule mlango wa chuma, na chuma kilikuwa kimepata moto. Nyayo zilikuwa zimeegemea pale muda wote ule. Hakusikia maumivu, hakujua. Tulipofunua blanketi, ngozi ilibaki kwenye blanketi. Watu waligeuza nyuso. Mimi sikugeuza, na tangu siku hiyo nyama choma siwezi kuila.

Hakufa mtu. Nataka mlishike hilo, kwa sababu wao walilishika vizuri sana. Kabla hata majivu hayajapoa, kamati ilikuwa imepeleka habari mjini kwamba moto mkubwa umepita Gatwekera na hakuna aliyekufa, kwamba wananchi walitoka kupitia mlango wa moto kama ilivyopangwa. Mjini wakafurahi. Fungu la pili likapitishwa, kubwa kuliko la kwanza, na Thuo akaalikwa kuueleza mpango wake kwa kamati nyingine, Kawangware hukohuko kwake.

Ndunge alirudi jioni ile akakuta tundu ukutani na maisha yake yamekanyagwa yakawa matope. Shiundu alimwambia atengeneze ukuta ama ahame. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda. Alinipita, nikataka kumwambia pole, nikaishia kuficha kucha zangu zilizojaa udongo wa ukuta wake, maana mimi nilikuwa miongoni mwa waliovunja. Ijumaa iliyofuata mafundi wakaja tena. Wakaziba tundu, wakaongeza chumba cha pili mbele ya kile, upande wa reli, wakaupaka mlango rangi mpya nyekundu. Vyumba vya mbele navyo vikajengwa upya. Sisi wa nyuma, ambao mabati yetu yalipauka tu, tukarudi mahali petu. Ningempeleka wapi mtu asiye na miguu, na sasa hana hata nyayo?

Wageni wa fungu la pili walipokaribia, Shiundu alikuja mlangoni kwangu, na filimbi yake.

"Mulembe, Mama Kageha," alinisalimu kwa Kiluhya.

Niliendelea kufagia.

"Mzee Thuo amesema wewe ndio utasema asante ya wapangaji. Maneno kidogo tu. Na Khamala atatolewa nje, wageni wamwone vile aliokolewa."

"Khamala hatolewi kama mbuzi wa mnada."

"Basi wewe peke yako. Mama, hizi pesa zikikuja ni zetu sote."

"Nitasema," nikamwambia. Akashangaa, akashukuru, akaenda. Khamala alinitazama kutoka kitandani, miguu yake imefungwa vitambaa.

"Utasema nini?"

"Sitasema. Nitawaonyesha."

Siku ilifika. Viti viliazimwa kanisani, soda zikaja na kreti. Afisa aliyetoka mjini alikuwa kijana bado, msafi, mwenye macho ya kusikiliza, na ndiyo maana nilimwamini. Thuo alizungumza kwa upole wake kuhusu uhai, kwamba uhai hauna bei. Kisha nikaitwa. Nilisimama, nikasema, "Bwana Afisa, kabla ya asante, mimi naomba kitu kimoja. Nenda ufungue ule mlango. Na mkono yako. Mume wangu yuko hapo kando yake, hawezi kutembea, na hiyo ndiyo njia yake."

Thuo akainuka. "Mama amechoka, ameona mambo mengi..."

"Hapana, wacha nione," afisa akasema. "Kwani si nimekuja kuona?"

Aliingia kijia chetu, sisi wote nyuma yake. Moyo wangu ulikuwa unaimba. Nilijua sasa ataona, na mtu mwenye macho akishaona hawezi kusema hakuona. Akashika mpini, akauvuta, mlango ukafunguka kwa urahisi, umetiwa mafuta.

Ndani mwanamke mgeni, Mbula, ambaye alikuwa amehamia juzi tu, alikuwa ameketi kitandani ananyonyesha. Kando yake jiko, sufuria ya ugali wa manjano, beseni. Nyuma yake ukuta, udongo wake bado mbichi. Afisa aliutazama ukuta. Naapa aliutazama, juu mpaka chini, na akaelewa, nilimwona akielewa. Masikio yake yalibadilika rangi.

Mbula aliivuta leso akajifunika kifua. "Karibuni," alisema, maana alilelewa vizuri.

"Ah, samahani sana, mama," afisa akasema. "Sikujua ni kwa mtu. Samahani."

Na akaufunga. Taratibu, kwa adabu, bila kelele, kama mtu aliyefungua choo akakuta kina mwenyewe. Akageuka, akajifuta mkono kwa kitambaa, akamwambia Thuo, "Tuendelee na ratiba." Thuo akacheka kidogo, kwa upole. Shiundu akapiga makofi, na watu wetu, wale waliopiga ule ukuta kwa kitanda, waliopitisha watoto wao kwenye lile tundu, wakapiga makofi pia. Soda zilikuwa zinafunguliwa.

Niliingia chumbani kwangu. Khamala alikuwa amesikia kila kitu. Ukuta wenyewe ni wa matope.

"Amefungua?" akaniuliza hata hivyo.

"Amefungua."

"Akasema?"

"Ameomba msamaha. Akafunga."

 Nje walikuwa wanaimba wimbo wa kuwakaribisha wageni, Shiundu anauongoza. Nilitaka kutoka nikaipindue ile meza yao ya soda, nimtemee mtu mate usoni, yeyote. Khamala akanishika kitambaa cha gauni.

"Musimbi. Nigeuzie kitanda, kichwa kiwe upande wa mlango wetu huu."

"Kwa nini?"

"Siku moto ukija tena, nisiuone ukiingia."

Nikamwita Shivachi, tukakigeuza.